Satelite haituoni, inatupa saa tu

Tangu koperative zilianza kuandika mashamba ya wamemba mu daftari, kuna ulizo inayotungoja kila mahali tunapofika na telefone ao na mashini ya GPS mukononi: «Munapimia nani?»

Ku Kasulo na ku vijiji vya pembeni ya Kolwezi, ulizo hiyo haitoki hewani. Mwaka 2014 watu wa Kasulo walikuta heterogenite, yale mawe meusi ya kobalti, chini ya parsele zao wenyewe, na kwa muda mufupi kartie ikajaa mashimo katikati ya nyumba. Mwaka 2017 serikali ya provinse ya Lualaba ilihamisha jamaa za sehemu moja ya kartie, na mahali pale pakazungushwa ukuta. Tangu hapo, mulimaji akiona mugeni anatembea pembeni ya mihindi yake huku anaandika namba, moyo unaruka. Hatumulaumu. Mara nyingi mashini ya kupima inafika kijijini mbele ya barua ya kuhamisha.

Wandugu walimaji, katika numero hii tunataka kueleza ile mashini inafanya nini kweli kweli, na ilitoka wapi. Mutu asiyejua namna kipimo kinapatikana hawezi kukikataa wakati kiko kibaya, wala kukitetea wakati kiko kizuri. Siku moja mutumishi wa kampuni atakuja na karatasi inayosema shamba yako ni hektare 0,8. Kama wewe unasema ni 1,1, utaonyesha nini?

Radio isiyo na masikio

Tuanze na maulizo mbili zenye zinafuata ile ya kwanza: «Satelite inatuona?» na «Inakula mega ngapi?»

Haituoni, na haikuli hata mega moja. Satelite ya GPS iko sawa na Radio Okapi. Mutangazaji anasema habari, lakini hajui kama wewe uko Kasulo, Mutoshi ao Dilolo unamusikiliza, wala kama umezima radio ukaenda kulala. Satelite nayo inasema tu, bila kupumuzika, usiku na mchana, maneno mawili: «Mimi ni satelite fulani, niko mahali fulani angani,» na «sasa ni saa fulani.» Telefone yako inasikiliza. Hesabu yote ya kutafuta mahali inafanyika ndani ya telefone, mukononi mwako. Haitumi kitu juu.

Kuna satelite zingine zenye zinapiga picha za dunia, kama Landsat ya Wamarekani na Sentinel-2 ya Wazungu wa Ulaya. Zile ni kazi ingine, na ziko karibu zaidi na udongo. Mutu asichanganye. Lakini tuseme pia ukweli wa upande wa pili: telefone yenyewe inaweza kutuma mahali ulipo kwa njia ya rezo, kama umeruhusu aplikasio fulani kufanya vile. Hapo anayekujua si satelite, ni mwenye aplikasio. Kwa hiyo ile ulizo ya «Munapimia nani?» ni nzuri, lakini muielekeze kwa mutu anayebaki na namba kisha kupima. Angani hakuna wa kumuuliza.

Kuhusu mega: ile ramani yenye rangi inayoonekana ku kioo cha telefone ndiyo inakula mega. Namba za mahali hazihitaji rezo wala inite. Kuna mama mumoja alituambia anaweka inite ya franka elfu moja kila mara mbele ya kupima. Ile inite angenunua chumvi.

Kupima kwa saa, si kwa kamba

Sasa namna gani kusikia saa tu kunaweza kumuambia mutu mahali yuko?

Mufano tunao kila masika. Radi ikipiga, kwanza munaona mwangaza, kisha munasikia ngurumo. Sauti inatembea metre 340 hivi kwa segonde. Kwa hiyo ukihesabu segonde tatu katikati ya mwangaza na ngurumo, radi ilipiga karibu kilometre moja kutoka pale ulipo. Haukuvuta kamba mpaka kule. Ulipima umbali kwa kuhesabu muda.

GPS ni kitu kile kile. Mawimbi ya radio yanatembea haraka kupita sauti, karibu kilometre 300 000 kwa segonde. Satelite iko juu kwa kilometre 20 200 hivi. Hata ikiwa juu ya kichwa chako kabisa, maneno yake yanachukua segonde 0,067 kufika. Kufumba jicho kunachukua muda murefu zaidi. Telefone inasoma saa yenye satelite ilisema, inaangalia saa yenye maneno yalifika, inatoa moja kwa ingine, na inapata umbali.

Umbali peke yake hautoshi. Funga mbuzi ku kijiti kwa kamba ya metre 10. Kamba ikikaza, mbuzi anaweza kuwa mahali popote juu ya muzunguko wa kamba ile. Mufunge tena ku kijiti cha pili, kamba ya pili ikaze pia: amebakiwa na nafasi mbili tu, pale mizunguko miwili inapokutana. Mufunge ku kijiti cha tatu: amebakiwa na nafasi moja, na pengine ameanza kulia. Telefone yako njo ule mbuzi, na vijiti ni satelite. (Tofauti ni hii: angani kamba haichori muzunguko, inachora kitu kama mupira, na mipira mitatu inakutana ku nafasi mbili. Moja ya nafasi hizo iko mbali sana na dunia, kwa hiyo telefone inaitupa.)

Lakini munasikia kila mara kwamba zinahitajika satelite nne. Juu ya nini? Juu ya saa ya telefone. Satelite inabeba saa za atomu, zenye bei kali sana. Telefone inabeba saa ya makuta kidogo, na saa hiyo inakosea. Ikichelewa kwa sehemu moja ya elfu ya segonde, umbali unakosea kwa kilometre 300, karibu urefu wa barabara ya Kolwezi mpaka Lubumbashi. Ikichelewa kwa sehemu moja ya milioni, kosa ni metre 300, na shamba yako imeingia kwa jirani wa tatu. Sasa angalia ujanja: saa ya telefone ikikosea, kamba zote zinarefuka ao zinafupika kwa kipimo kimoja. Na kamba tatu, hauwezi kugundua. Ukileta ya nne, kamba zinakataa kukutana pahali pamoja. Telefone inakata zote kwa kipimo kile kile, kidogo kidogo, mpaka zikutane. Pale zinapokutana imepata vitu viwili kwa mara moja: mahali ulipo, na saa ya kweli. Ndiyo sababu telefone rahisi inaweza kutoa saa sawa na ya satelite yenyewe.

Saa ya atomu haina maajabu. Kila saa inahesabu kitu kinachorudia. Saa ya zamani ilihesabu chuma kinachoning'inia na kuyumba. Saa ya atomu inahesabu mutikisiko wa atomu ya sesiumu, na tangu mwaka 1967 dunia ilikubaliana kwamba segonde moja ni mitikisiko 9 192 631 770. Hata hivyo, saa hizo zikipelekwa juu hazitembei sawa na za chini. Einstein alieleza mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba uzito wa dunia unachelewesha saa, na mwendo pia unachelewesha saa. Juu kule uzito wa dunia unavuta kidogo zaidi, kwa hiyo saa inakimbia. Mwendo wa satelite unairudisha nyuma kidogo. Ukijumlisha, saa ya satelite ingetangulia kwa segonde milionari 38 kila siku, maana sehemu 38 za milioni ya segonde. Inaonekana ni kitu bure. Lakini ingeachwa vile, kosa lingeongezeka kwa kilometre 11 hivi kila siku. Wahandisi walirekebisha saa mbele ya kuzipeleka juu. Sisi wa kilimo tulijifunza Einstein ku masomo tukifikiri hatutakutana naye tena, na sasa tunatembea naye mu mihogo.

Kutoka kwa Sputnik mpaka ku mufuko wa mulimaji

Tarehe 4 mwezi wa kumi 1957, Warusi walirusha Sputnik, satelite ya kwanza ya watu. Ilikuwa inatoa kelele ya radio tu, bip, bip. Kule Marekani, ku maabara ya chuo cha Johns Hopkins, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, walianza kuisikiliza. Waliona sauti inapanda wakati satelite inakaribia na inashuka wakati inaenda. Munakijua kitu hicho: treni ikipita inapiga honi, honi inasikika juu ikija, na chini ikishapita. Kwa kupima ile kupanda na kushuka, waliweza kusema Sputnik iko wapi. Kisha mukubwa wao, Frank McClure, akageuza ulizo: kama sisi tuko chini mahali panapojulikana na tunaweza kujua satelite iko wapi, basi kama satelite inajulikana iko wapi, mutu wa chini anaweza kujua yeye yuko wapi. 

Kwa mawazo hayo ilizaliwa Transit, mupango wa jeshi la maji la Marekani. Satelite yake ya kwanza iliyofanikiwa ilipanda mwaka 1960, na kuanzia mwaka 1964 ilisaidia meli zenye zinaenda chini ya maji kubeba makombora. Lakini Transit ilikuwa polepole: ilibidi kungoja satelite ipite, pengine saa nzima ao zaidi. Kwa meli ilitosha. Kwa ndege haikutosha.

Mwaka 1973 wakubwa wa jeshi la Marekani, wakiongozwa na Bradford Parkinson, walichanganya mawazo ya vikundi mbalimbali, pamoja na ya Roger Easton aliyefanya kazi ya kupeleka saa za kweli kweli angani. Satelite ya kwanza ya GPS ilipanda mwezi wa pili 1978. Ilibaki kazi moja yenye watu hawaizungumzii sana: ili hesabu itoke sawa, lazima kujua umbo la dunia. Dunia si mupira wa kuviringana vizuri. Ina matumbo na mabonde. Mumoja wa wale waliofanya hesabu za umbo hilo ni Gladys West, mama mweusi wa Virginia, mutoto wa walimaji masikini, aliyekua akifanya kazi mu shamba na kusema mwenyewe kwamba hataki kubaki pale. Aliingia ku maabara ya jeshi la maji ya Dahlgren mwaka 1956 na akafanya kazi miaka 42. Tunataka watoto wa wamemba wetu, zaidi sana wabinti, walijue jina hilo.

Mwanzo ilikuwa kitu cha jeshi. Tarehe 1 mwezi wa tisa 1983, ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikaingia juu ya inchi ya Wasovieti, na ikapigwa kombora. Watu 269 walikufa. Siku chache kisha, Prezida Reagan alitangaza kwamba GPS ikiisha kujengwa itakuwa bure kwa watu wote. Ilikamilika mwaka 1995, na satelite 24. Lakini Wamarekani walikuwa wanaharibu kwa kusudi ile sauti ya raia, ili isitoe kipimo kizuri: kosa liliweza kufika metre 100. Mwanzoni mwa mwezi wa tano mwaka 2000, Prezida Clinton alitoa amri ya kuacha. Usiku mumoja, mashini zile zile zikaanza kutoa kipimo mara kumi bora zaidi, bila mutu kununua kitu kipya. Kama bado wangeharibu, leo hatungekuwa tunapima shamba na telefone.

Wengine hawakutaka kutegemea Marekani peke yake. Warusi wana GLONASS, walianza kurusha mwaka 1982. Wazungu wa Ulaya wana Galileo, iliyoanza kutumika mwisho wa mwaka 2016. Wachina walimaliza BeiDou yao mwaka 2020. Telefone nyingi za leo zinasikiliza zote nne, maana yake satelite zaidi ya mia moja. Ndiyo, betri ya telefone hiyo inaweza kuwa na kobalti iliyotoka chini ya udongo wa Kolwezi. Tunaliandika bila kuongeza maneno.

Inasikia wapi, haisikii wapi

Satelite inasema kwa nguvu ndogo, kama ya balbu ya nyumba, na iko kilometre 20 200. Sauti ikifika chini imekuwa nyembamba sana. Inapita mawingu na mvua bila shida. Lakini mabati inayakataa, muembe mukubwa wenye majani mengi unaipunguza, na ukuta mrefu unairudisha kama mwangwi, telefone ikidanganyika kwamba satelite iko mbali zaidi. Udongo haiupiti hata kidogo. Ndiyo sababu mu mashimo ya Kasulo hakuna GPS. Mukreze akishuka na kufuata mushipa wa mawe pembeni, hana namna ya kujua kwa satelite kama sasa yuko chini ya parsele yake ao chini ya kitanda cha jirani. Mabishano mengi yalizaliwa pale.

Kwa shamba, basi, simama mahali wazi, kichwa kisicho chini ya muti. Ukiwasha telefone yenye ilizimwa muda murefu na hakuna rezo, ingoja. Satelite inasema polepole sana, na telefone inahitaji nusu dakika nzima ya kusikia bila kukatwa ili ijue satelite moja iko wapi. Kwa zote inaweza kuchukua dakika kadhaa. Watu wengi wanachukua namba ya kwanza inayoonekana na kuondoka. Namba ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Aplikasio nyingi zinaandika kosa pembeni, mufano «± 12 m». Ngoja mpaka ishuke ku 3 ao 4. Asubuhi ni bora kuliko magaribi: huku kwetu, karibu na mustari wa katikati ya dunia, ile hewa ya juu sana yenye umeme inavurugika kisha jua kuingia, na inachelewesha mawimbi.

Hata ukifanya yote hayo, telefone inakosea kwa metre 3 mpaka 5. Ni neno kubwa ao dogo? Inategemea shamba. Tuchukue shamba ya metre 100 kwa 100, hektare moja. Ukikosea metre moja kila upande kuelekea inje, unapata 102 kwa 102, yaani metre karé 10 404. Kosa ni 4 kwa mia. Sasa chukua bustani ya mboga ya metre 20 kwa 25, yenye metre karé 500. Kosa lile lile linakupa 22 kwa 27, metre karé 594. Karibu 19 kwa mia. Kwa hiyo bustani pima na dekametre ao kamba yenye mafundo, na shamba kubwa pima na GPS. Mutu akija kupima bustani ya mama kwa kutembea na telefone na kuandika fidia pale pale, mama ana haki ya kumuomba alete kamba.

Shamba kubwa lichukuliwe kwa pembe. Simama ku kila pembe dakika mbili, andika namba, kisha nenda ku pembe ingine. Rudia siku ingine. Namba mbili zikitofautiana kwa metre 4, ni kawaida. Zikitofautiana kwa 30, pembe moja ilichukuliwa vibaya. Andika pia kitu kinachoonekana: kichuguu kikubwa, muti, jiwe, mufereji. Kichuguu cha Katanga hakihami, na muzee wa kijiji anakijua bila satelite.

Namba zenye zinaruka

Makosa mengi tunayoyaona mu daftari hayatoki angani, yanatoka ku kalamu. Kolwezi iko karibu degre 10,7 kusini na 25,5 mashariki. Telefone inaandika kusini kwa alama ya kutoa, na nukta pahali pa virgule: -10.71520. Ukisahau kale ka mustari ka mbele, shamba yako inaruka mpaka Sudan, upande wa Darfur. Ukigeuza namba mbili, ya pili mbele, inaenda Sahara. Na ukikata mikia ya namba ili kupunguza kazi, unapunguza shamba. Namba tano kisha nukta zinatoa kama metre moja. Nne zinatoa metre 11. Tatu, zaidi ya metre 100. Mwenye kuandika kwa degre, dakika na segonde ajue kwamba segonde moja ni metre 30 hivi, kwa hiyo lazima kuandika na sehemu za segonde pia.

Kuna mutego mwingine, na huu unawashika hata watu wa masomo. Katanga ilipimwa zamani mbele ya satelite. Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilituma wapimaji kupanda vilima, kuweka alama juu, na kutazama kwa darubini kutoka kilima kimoja mpaka kingine, pembe tatu tatu. Ilikuwa kazi ya ajabu kwa miguu. Lakini walitumia umbo la dunia lililokadiriwa mu karne ya 19, na mwanzo wao wa kuhesabu si ule wa GPS. GPS inatumia mupango unaoitwa WGS 84. Mahali pamoja, kilima kile kile, ramani ya zamani ya Katanga inatoa namba moja na telefone inatoa ingine. Ukichukua namba za ramani na kuziingiza mu telefone bila kuzigeuza, unaweza kutua metre zaidi ya 100 pembeni. Hakuna aliyekosea, ni lugha mbili. Kwa hiyo mu daftari ya koperative, ku ukurasa wa kwanza, andikeni «WGS 84».

Juu ya nini tunasisitiza? Kwa sababu permi za madini zinaandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Tangu Code minier ya mwaka 2002, inchi ilikatwa mu karé, kila upande segonde 30 za degre, na sheria inahesabu kila karé kuwa hektare 84,955. Permi ni karé moja ao nyingi zenye zinagusana, na mipaka yake inafuata kaskazini-kusini na mashariki-magaribi moja kwa moja, bila kujali muto, kijiji wala shamba ya mutu. Cadastre Minier, ile CAMI, inaonyesha ramani ya permi hizo, hata ku intaneti. Kwa hiyo koperative yenye ina namba nzuri za mashamba yake inaweza kuketi na ramani ya CAMI na kujua ni wamemba gani wako ndani ya karé ya nani, mbele mutu yeyote hajafika na makaratasi. Hapo mega zinahitajika, lakini za mara moja tu.

Tuseme wazi mupaka wa jambo hili. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na namba za GPS hazimupi mutu tiketi ya shamba. Zinaonyesha wapi na ukubwa gani, hazionyeshi nani. Lakini Code minier, pamoja na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 iliyoibadilisha, inamulazimisha mwenye permi kulipa fidia kwa mutu anayenyimwa shamba yake. Fidia inahesabiwa kwa ukubwa na kwa kile kilicholimwa. Pale ndipo namba zako zinafanya kazi.

Ili zifanye kazi, usipime peke yako. Ita majirani wa pande zote, watembee nawe ku kila pembe, na chefu wa kijiji ao mutumishi wake aone. Kupima kimya kimya ni kupanda matata, hata kama kipimo ni sawa. Kisha andika tarehe, jina, namba za kila pembe, kosa lililoonyeshwa na telefone, mimea iliyokuwa shambani siku ile, na majirani waweke sahihi ao kidole. Fanyeni karatasi mbili: moja kwa mwenye shamba, moja kwa sekretere wa koperative. Faili ya telefone peke yake haitoshi, telefone inaibiwa. Na mutu wa inje akiomba nakala, hata sisi, komite iandike ni nani, lini, na kwa kazi gani.

Wakati muzuri wa kuanza ni mwisho wa kiangazi, mbele ya mvua ya mwezi wa kumi, nyasi zikiwa zimeungua na vichuguu vyote vinaonekana.